Ng'ombe hashiki mimba Machi? Anza kuhesabu kutoka Januari

Arusha. Dume ana nguvu, anakula vizuri na kupanda anapanda. Lakini ng'ombe waliopandwa mwanzoni mwa Machi wanarudi kumhitaji tena baada ya siku 21. Wanapandwa mara ya pili, wanarudi tena. Mwenye dume anachoka kusubiri, anampeleka mnadani, na dume anaishia buchani.

Kumbe mara nyingine dume huyo hakuwa mgumba. Mbegu alizokuwa akitoa Machi ziliharibika wiki nyingi nyuma, zikiwa bado zinatengenezwa, wakati wa jua kali la Januari na Februari. Angepewa muda, akawekwa kivulini na kulishwa vizuri, pengine Mei angekuwa amerudi katika hali yake.

Kwa mfugaji wa Arumeru mwenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa, kutolijua hili kuna bei yake. Kila ng'ombe anaporudi, siku 21 zinapotea. Akirudi mara tatu, miezi miwili imekwenda bure, na ndama pamoja na maziwa vimesogea mbele kwa muda huohuo. Chakula, hata hivyo, kinaliwa kila siku.

Kwa ufupi

- Mbegu ya dume wa ng'ombe huchukua takriban siku 61 kutengenezwa, kisha wiki moja hadi mbili kukomaa kabla ya kutoka.
- Joto kali, homa au njaa ya leo huonekana kwenye mimba za wiki na miezi inayofuata.
- Dume asiuzwe kwa kipimo kimoja. Apimwe, apumzishwe, apimwe tena baada ya siku 60 hadi 70.

Farasi wa Ulaya hufuata mwanga

Suala la uwezo wa dume kupanda na kushuka kwa msimu limechunguzwa sana kwa farasi, hasa Ulaya na Marekani. Huko, farasi dume wa majira ya baridi si yule wa majira ya joto. Korodani hupungua ukubwa, hamu ya kupanda hushuka, na idadi ya mbegu anazotoa inaweza kuwa karibu nusu ya zile za msimu wa uzazi.

Chanzo kikubwa cha mabadiliko hayo ni mwanga, wala si baridi yenyewe. Usiku, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hutoka kwa muda mrefu, na mwili wa farasi husoma ujumbe kwamba huu si wakati wa kuzaa. Homoni zinazoamsha korodani hushuka. Mchana ukirefuka, mambo yanageuka.

Maumbile yana hesabu yake hapo. Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11. Akipandwa wakati mchana ni mrefu, atazaa mwaka unaofuata wakati hali ya hewa ni nzuri na majani ni mengi. Mtoto akizaliwa katikati ya theluji, atapata shida.

Binadamu naye ameingilia hesabu hiyo. Kwa farasi wa mashindano wa kaskazini mwa dunia, umri huhesabiwa kuanzia Januari 1, bila kujali mwezi halisi wa kuzaliwa. Kwa hiyo kila mfugaji anataka mtoto azaliwe mapema katika mwaka. Ili kufanikisha hilo, mazizi huwashwa taa hadi farasi wapate takriban saa 16 za mwanga kwa siku, mwili udanganyike kwamba majira yamebadilika.

Sasa je, Arusha?

Mlima Meru hauna siku fupi

Arusha iko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, na mfupi kuliko yote, mwezi Juni, haifiki hata nusu saa. London, tofauti hiyo inakaribia saa 9.

Maana yake ni kwamba ile saa ya mwanga inayomwongoza farasi wa Uingereza haina nguvu kubwa chini ya Mlima Meru. Mnyama wa hapa hapati ujumbe wa wazi kutoka angani kwamba sasa ni msimu wa kuzaa au wa kupumzika.

Lakini hiyo haimaanishi kwamba hakuna msimu. Upo, ila unaletwa na vitu vingine: joto, mvua na chakula. Na joto linalozungumziwa hapa ni la hali ya hewa, siyo lile la ng'ombe anapohitaji dume.

Arusha, miezi ya Januari na Februari ndiyo yenye jua kali. Masika huanza Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ni baridi, na watu wa mjini hutoa makoti. Kisha ukame unakaza mpaka mvua za vuli, Novemba na Desemba.

Mlima wenyewe, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, unagawa wilaya vipande vipande. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6. Ndiyo maana mfugaji wa Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa, anaishi katika hali tofauti na mwenzake wa Mbuguni au Kikatiti, chini kwenye tambarare. Upande wa Oldonyosambu, nyuma ya mlima, mvua ni haba na malisho hukauka mapema.

Hivyo ushauri wa redioni unaosema "msimu wa joto" haumgusi kila mtu sawasawa. Wafugaji wawili wa wilaya moja wanaweza kuwa na madume wa damu moja na umri mmoja, Februari ileile, mmoja akaumia kwa jua na mwingine asiumie.

Kiwanda kinachofanya kazi kwa siku 61

Ili kuelewa kwa nini Machi inalipa deni la Januari, lazima kujua mbegu inatengenezwaje.

Korodani ni kama kiwanda chenye mstari mrefu wa kazi. Mwanzoni kuna seli mama. Zinagawanyika, zinagawanyika tena, kisha zinabadilika umbo taratibu hadi kila moja inapata kichwa na mkia. Kwa dume wa ng'ombe, safari hiyo huchukua takriban siku 61. Kwa farasi ni takriban siku 57.

Bado haijaisha. Mbegu zikitoka kiwandani huingia kwenye mrija mwembamba uliojikunjakunja kando ya korodani. Humo hukaa wiki moja hadi mbili zikikomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Baada ya hapo ndipo ziko tayari kutoka.

Ukijumlisha, mbegu anayoitoa dume leo ilianza kutengenezwa zaidi ya miezi miwili iliyopita. Dume hatoi mbegu za leo. Anatoa za mwezi juzi.

Uharibifu nao hauji kwa siku moja. Mbegu ambazo tayari zimekomaa huwa hazidhuriki sana. Zinazoumia zaidi ni zile zilizo katikati ya safari, zinazogawanyika na kubadilika umbo. Kwa sababu hiyo, baada ya siku kadhaa za joto kali, shahawa zinaweza kuonekana nzuri tu kwa wiki moja hivi. Wiki ya pili au ya tatu ndipo mbegu zenye vichwa vibaya, mikia iliyopinda au zisizotembea huanza kuwa nyingi. Kama joto limekwisha, hali hutengemaa baada ya wiki nane au zaidi.

Hapo ndipo mfugaji anapochanganyikiwa. Jua lilipokuwa kali, ng'ombe walishika mimba. Mvua zimekuja, hewa imepoa, majani yamechipua, na sasa ndiyo hawashiki. Mtu akiangalia mwezi huohuo anaoishi, hataona sababu. Atasema dume amezeeka, au amelogwa.

Kwa nini korodani zinaning'inia nje

Joto la kawaida la mwili wa ng'ombe ni takriban nyuzi 38.5. Hilo ni kubwa mno kwa kutengeneza mbegu. Korodani zinahitaji kuwa chini ya hapo kwa nyuzi 2 hadi 6, ndiyo maana zimewekwa nje, kwenye mfuko wake.

Mfuko huo una mbinu tatu za kujipoza. Ya kwanza ni misuli inayoshusha korodani mbali na mwili wakati wa joto na kuzivuta juu wakati wa baridi. Ya pili ni jasho. Ya tatu ni mishipa ya damu iliyojisokota juu ya korodani: damu ya moto inayoshuka hupita kando ya damu iliyopoa inayopanda, ikaachia joto lake kabla ya kufika.

Mbinu hizo zina mwisho. Dume akifungwa juani mchana kutwa, kwenye banda la bati la chini lisilopitisha hewa, au akikosa maji ya kutosha, mwili wake wote unapanda joto na mfuko haupati pa kutolea joto lake. Dume mnene sana naye ana tatizo, kwani mafuta hujaa shingoni mwa mfuko na kuzuia damu kupoa.

Tofauti ya damu pia ipo. Zebu na Boran wana mishipa mirefu na iliyojisokota zaidi ya kupozea damu, na ngozi inayostahimili jua. Friesian na Ayrshire, ambao asili yao ni Ulaya, huumia mapema. Chotara wanakaa katikati. Kwa hiyo kwenye tambarare za chini, dume mwenye damu nyingi ya Friesian anahitaji kivuli kuliko zebu wa jirani, hata kama wote wanakula jaluba moja.

Na joto halitoki juani peke yake. Homa ya ndigana inaweza kupandisha mwili wa dume hadi nyuzi 40 na zaidi kwa siku kadhaa. Kwa korodani, hilo ni pigo kama jua, na hesabu ni ileile. Dume aliyepona ndigana Aprili anaweza kuwa anatoa mbegu mbovu Mei na Juni, ingawa anaonekana mzima kabisa.

Tuseme pia kwamba lawama zote si za dume. Jua likizidi, ng'ombe jike huonyesha dalili hafifu za kuhitaji dume, wakati mwingine usiku tu, na mimba changa inaweza kufa siku za mwanzo bila mwenye ng'ombe kujua. Asiyeshika mimba katika jua kali anaweza kuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja.

Usa River: mirija isiyojua msimu

Kuna njia ya kukwepa msimu wa dume, na iko kando ya barabara ya Arusha–Moshi. Usa River ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Hapo hufugwa madume bora wa maziwa na wa nyama, wakiwamo Friesian, Ayrshire, Jersey na Boran, na shahawa zao hugandishwa kwa ajili ya wafugaji nchini.

Kazi yenyewe, kwa vituo vya aina hii popote duniani, haina miujiza. Dume hupandishwa juu ya ng'ombe mwenzake, na shahawa hukingwa kwa uke bandia wenye maji ya uvuguvugu. Kisha zinakwenda maabara. Wingi hupimwa, idadi ya mbegu huhesabiwa, na darubini inaonyesha ngapi zinakwenda mbele na ngapi zinazunguka tu pale pale.

Zikifaulu, huchanganywa na dawa ya kuzilinda na baridi, hujazwa kwenye mirija myembamba na kugandishwa. Mrija mmoja huwa na mbegu milioni kadhaa, mara nyingi takriban milioni 20. Hivyo shahawa za mara moja zinaweza kutoa dozi mamia. Baada ya kugandishwa, mrija mmoja huyeyushwa na kupimwa tena. Mbegu zikiwa zimekufa kupita kiasi, dozi zote za siku hiyo hutupwa.

Faida ya hatua hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dume aliyepata jua kali au homa, shahawa zake hukamatwa maabara kabla hazijamfikia mfugaji. Kwa dume wa kijiji hakuna darubini. Kipimo chake ni ng'ombe wa watu, na majibu huja baada ya siku 21.

Mirija iliyofaulu hukaa ndani ya naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo mbegu hazizeeki. Iliyokingwa Julai, dume akiwa katika ubora wake, inaweza kutumika Februari au miaka mingi baadaye. Njia hii ilifunguka mwaka 1949, pale watafiti wa Uingereza, akiwamo Christopher Polge, walipogundua kwamba gliserini inaweza kulinda mbegu zisife kwa barafu.

Kenya walikuwa na kituo chao cha uhimilishaji Kabete tangu 1946, na leo kinajulikana kama KAGRC. Kwa hiyo kwa Afrika Mashariki, hili siyo jambo la juzi.

Msimu unaweza kurudi kupitia mtungi

Mrija haujui msimu, lakini mtungi unaoubeba unaujua. Naitrojeni hupungua kila siku, na mtungi ukifunguliwa mara kwa mara juani, hupungua haraka zaidi. Ikishuka sana, mirija hupata joto. Mbegu zinaweza kuanza kuharibika hata kabla ya kuyeyuka, kwa sababu barafu ndani yake huanza kujipanga upya ingali chini sana ya sifuri.

Hilo likitokea, kulirudisha haiwezekani. Kuongeza naitrojeni kesho yake hakufufui mbegu. Na kwa macho, mrija mzima na mrija uliokufa vinafanana.

Kwa hiyo mfugaji anayelipia uhimilishaji ana haki ya kuuliza maswali machache, kwa heshima tu:

- Naitrojeni ya mtungi ilijazwa lini, na sasa iko kiwango gani?
- Mrija ni wa dume gani? Namba na jina lake huandikwa juu ya mrija, na vinapaswa kuandikwa kwenye kadi ya ng'ombe.
- Mrija utayeyushwaje? Kawaida ni kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37, kwa nusu dakika au zaidi kidogo, siyo mfukoni wala kwapani.

Na upande wa mfugaji, kazi yake ni saa. Ng'ombe aliyeonekana anahitaji dume asubuhi, ahimilishwe jioni ya siku hiyo. Aliyeonekana jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata. Simu ikipigwa siku ya pili, mbegu nzuri kuliko zote haitasaidia.

Na punda je?

Farasi wa Arusha ni wachache, wengi wao wa kupanda kwa michezo na safari za watalii. Mnyama wa jamii hiyo anayebeba maisha ya watu ni punda. Ndiye anayebeba maji, kuni na mahindi kutoka vijijini hadi sokoni, na kazi hiyo mara nyingi iko mikononi mwa akina mama.

Punda dume wa hapa, kama farasi wa hapa, haongozwi sana na mwanga. Kinachomgusa ni chakula, kazi, magonjwa na joto. Aliyebebeshwa mzigo kiangazi kizima, mgongo una vidonda na mbavu zinahesabika, hatarajiwi kuzalisha vizuri. Mwili ukikosa chakula, uzazi ni kati ya mambo ya kwanza kupunguzwa.

Kwa punda, msimu mmoja uliopotea ni hasara ndefu. Mimba yake huchukua karibu mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Ndiyo maana biashara ya ngozi za punda ilitishia kuwamaliza haraka kuliko wanavyozaana, hadi Umoja wa Afrika ukapiga marufuku Februari 2024 kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Marufuku inazuia kisu tu. Kuzaa kunahitaji punda aliyeshiba na kupumzika.

Kwa wenye farasi, kanuni ya kuhesabu nyuma ni ileile: siku 57 na wiki moja hivi, jumla takriban 65. Farasi dume aliyeugua homa asihukumiwe kabla ya miezi miwili na nusu kupita. Uhimilishaji kwake ni mgumu zaidi, kwa sababu dozi ya farasi huhitaji mbegu mamia ya milioni, na madume wengi wa farasi shahawa zao hazivumilii kugandishwa kama za ng'ombe.

Mfugaji afanye nini

*Aandike tarehe.* Daftari la shule linatosha. Siku ng'ombe aliyopandwa, dume aliyetumika, siku aliyorudi. Bila tarehe, hakuna wa kuhesabu nyuma. Ziandikwe pia siku za jua kali, siku dume alipougua na siku alipopata dawa.

*Kivuli kabla ya Januari.* Mti ni bora kuliko bati. Kama ni bati, paa liwe juu na pembeni pawe wazi upepo upite. Nyasi kavu zikitandazwa juu ya bati hupunguza joto. Kivuli kikijengwa Machi, kitasaidia mimba za Mei, siyo za Machi.

*Maji muda wote.* Kumpeleka dume mtoni mara moja kwa siku, jua la saa saba mchana, ni kumpiga mara mbili: kiu na mwendo.

*Apande wakati wa baridi ya siku.* Asubuhi na mapema au jioni. Dume mmoja mzima anatosha majike 20 hadi 25. Akikodishwa kwa kijiji kizima, hata mwenye mbegu nzuri atachoka.

*Chakula kabla ya njaa.* Kiangazi cha Agosti hadi Oktoba ndicho kinachotengeneza mbegu za vuli. Mabua ya mahindi, majani yaliyokaushwa, mashudu kidogo na chumvi ya madini vinapaswa kuwa vimeandaliwa tangu masika.

*Kuogesha na kupambana na kupe.* Ndigana moja inaweza kumweka dume nje ya kazi kwa zaidi ya miezi miwili, hata akipona.

Kabla ya kumpeleka mnadani

Dume akishukiwa, hatua ya kwanza ni daktari wa mifugo, siyo dalali. Daktari atapapasa korodani kuona kama ziko sawa na hazina uvimbe, atapima mzunguko wa mfuko na kuangalia shahawa kwa darubini. Kwa viwango vinavyotumiwa na madaktari wa uzazi wa mifugo Marekani, dume anayefaa anapaswa kuwa na mbegu zenye umbo zuri angalau asilimia 70, na zinazokwenda mbele angalau asilimia 30.

Akishindwa mara ya kwanza, hesabu irudishwe nyuma. Miezi miwili iliyopita kulikuwa na nini? Jua kali? Homa? Njaa? Safari ndefu? Kama jibu ni ndiyo, apumzishwe na apimwe tena baada ya siku 60 hadi 70. Mbegu za wakati huo zitakuwa zimetengenezwa upya kabisa, katika hali nzuri. Akifaulu, dume amepona. Akishindwa tena bila sababu, hapo kumwondoa ni haki.

Kuna jambo moja halisubiri siku 60. Kama ng'ombe wanatupa mimba, au wanarudi wakiwa na uchafu usio wa kawaida ukeni, huenda ni ugonjwa unaoambukizwa kwa kupandana, au brusela, ambao humwingia hata binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Dume huyo asimamishwe siku hiyohiyo na vipimo vifanyike, kwa sababu kila ng'ombe anayempanda anaweza kuondoka na ugonjwa.

Kwa anayetumia dume wake mwenyewe kwenye tambarare, kalenda inajieleza. Ng'ombe aliyekosa mimba Desemba, asitegemee sana dume aliyepigwa na jua la Januari na Februari. Ni afadhali kati ya mwishoni mwa Januari na Aprili atumie mrija uliotoka kwenye mtungi ulio salama, na dume aachwe kivulini ajitengeneze. Mei ikifika, apimwe kwanza, ndipo arudishwe kazini.